Mchanganyiko wa namba uliojirudia: unasaidia kutabiri droo ijayo?

Pembe49 anauliza:

Habari wakuu. Naomba msaada wa kihesabu kuhusu bahati nasibu ya kuchagua namba 6 kati ya 49.

Nina faili la droo 1,000 mfululizo, namba kuu tu. Nimehesabu kila jozi ya namba imetoka pamoja mara ngapi. Jozi inayoongoza imetoka mara 26, ya mkiani mara 3. Nikaenda kwenye namba tatu tatu: kuna utatu mmoja umetoka mara 7, na wakati huohuo kuna maelfu ya utatu ambao haujatoka hata mara moja. Zaidi ya nusu ya droo zimebeba angalau namba moja ya droo iliyotangulia. Mchanganyiko kamili wa namba sita haujajirudia.

Nauliza mambo matatu. Pengo hili la 26 kwa 3 si dalili kwamba kuna namba zinazofuatana? Mchanganyiko uliokwisha kutoka uepukwe kwa kuwa zamu yake imepita, au uchezwe kwa kuwa kule Bulgaria mwaka 2009 ulirudi? Na ni kipimo gani kinachoonyesha kama mashine ina upendeleo? Naomba hesabu zenyewe. Ushuhuda wa nani alishinda vipi siuhitaji.

Mwanatakwimu:

Mkuu, kazi ya kuhesabu umeifanya vizuri, ila umeruka hatua inayoamua kila kitu. Kabla ya kuishangaa hiyo 26, uliza kwanza: mashine isiyo na upendeleo wowote ingetoa ngapi?

Tukokotoe. Namba 49 zinatoa jozi 49 × 48 ÷ 2 = 1,176. Droo moja ya namba sita inabeba jozi 15. Droo 1,000 basi zina nafasi 15,000 za kugawiwa jozi 1,176, yaani wastani wa 12.76 kwa kila jozi. Lakini mgao wa kubahatisha haugawi sawasawa kama mtu anayepimia kwa kibaba. Mkengeuko wastani, yaani kipimo cha namna hesabu zinavyotawanyika pande mbili za wastani, hapa ni kama 3.55. Jozi nyingi zitaangukia kati ya 9 na 16, na chache zitakwenda mbali.

Sasa angalia kwa makini. Kama ungetaja jozi moja KABLA ya kufungua faili, halafu ikatoka mara 26 au zaidi, ungekuwa na haki ya kushtuka, maana uwezekano wake haufiki 1 kwa 1,000. Wewe hukuitaja kabla. Umepanga jozi 1,176 zote kwenye mstari ukamchukua wa kwanza darasani. Ukizidisha uwezekano huo mdogo kwa jozi 1,176 unapata kwamba jozi moja hivi inatarajiwa kufika huko juu, na moja hivi inatarajiwa kubaki kwenye 3 huko chini. Yaani faili lako limetoa kilekile ambacho bahati tupu ingekitoa.

Utatu ni vilevile. Jumla yake ni 18,424, kila droo inabeba 20, kwa hiyo droo 1,000 zinatoa wastani wa 1.09 kwa kila utatu. Kwa wastani mdogo hivyo, kiasi cha theluthi moja, karibu 6,200, hautatoka kabisa, na unaoongoza kwa kawaida utafika 6, 7, mara mojamoja 8. Hiyo 7 yako ni ya kawaida kabisa.

Kuhusu namba kurudi kutoka droo iliyotangulia, hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nikae nalo kidogo. Uwezekano wa kukosa namba zote sita za droo iliyopita ni 6,096,454 kati ya 13,983,816. Ukitoa hapo unabaki na 56.4% kwamba angalau moja itarudi. Mtu akiona "zaidi ya nusu" anaamua kubeba namba za juzi. Lakini chukua namba sita ZOZOTE, hata ulizozitunga ukiwa umefumba macho: uwezekano wake wa kupata angalau moja ni hiyohiyo 56.4%. Asilimia hiyo ni mali ya namba sita kati ya 49, droo ya juzi haikuchangia chochote. Vivyo hivyo kwa namba zinazopakana, kama 23 na 24: karibu nusu ya droo zote (49.5%) zina angalau jozi moja ya namba za namna hiyo, bila mtu yeyote kuzipanga.

Pembe49:

Nashukuru, mkuu, sehemu ya jozi nimeielewa. Bado Bulgaria inanisumbua. Namba 4, 15, 23, 24, 35, 42 zilitoka tarehe 6 Septemba 2009, zikatoka tena tarehe 10 Septemba. Mchezo wao ni 6 kati ya 42, michanganyiko zaidi ya milioni tano. Bahati tupu inawezaje kufanya hivyo ndani ya siku nne?

Kete_Sita:

Swali lako limebeba maswali mawili ndani yake, na majibu yake yanapishana mno.

La kwanza: kwa mchezo mmoja wa 6 kati ya 42, uwezekano kwamba droo ijayo itarudia hasa ile iliyopita ni ngapi? Jibu ni 1 kwa 5,245,786. La pili: kwa michezo yote ya aina hii inayochezeshwa duniani, kwa miongo yote, uwezekano kwamba mahali fulani siku fulani droo moja itarudia iliyotangulia ni ngapi? Huo ni mkubwa kiasi kwamba tukio lenyewe lilikuwa la kungojewa. Gazeti linaandika tukio kwa kutumia jibu la swali la kwanza, wakati lililotokea ni la swali la pili. Bulgaria waliagiza uchunguzi, na namba zenyewe zilitoka kwa mpangilio tofauti mara hizo mbili.

Sasa ondoa sharti la "mfululizo" uone mambo yanavyobadilika. Ukitaka tu droo mbili zozote katika historia nzima zifanane, usihesabu droo, hesabu jozi za droo. Droo 1,000 zina jozi 499,500. Gawanya kwa 13,983,816 unapata karibu 3.6%. Ndiyo maana faili lako halina marudio: halijafika umri. Jozi zinakua kwa mraba wa idadi ya droo, kwa hiyo inapofika droo 4,400 hivi, uwezekano wa kuwa na angalau rudio moja umeshagonga 50%. Kwa mchezo wa 6 kati ya 42 nusu hiyo inafikiwa mapema zaidi, kwenye droo 2,700 hivi. Ni hesabu ileile ya siku za kuzaliwa, kwamba watu 23 wakiwa chumba kimoja, uwezekano kuwa wawili kati yao wamezaliwa tarehe moja ni kama nusu kwa nusu.

Ujerumani walilipata lao. Namba 15, 25, 27, 30, 42, 48 zilitoka tarehe 20 Desemba 1986, zikarudi tarehe 21 Juni 1995. Lilikuwa rudio lao la kwanza katika droo 3,016. Kokotoa kwa kanuni hiyohiyo: droo 3,016 zinatoa uwezekano wa karibu 28%. Kitu cha asilimia 28 kikitokea hakuna wa kukitafutia mchawi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: mchanganyiko uliokwisha kutoka una uwezekano wa 1 kwa 13,983,816 droo ijayo. Ambao haujawahi kutoka una uwezekano huohuo. Kuuepuka hakukuongezei, na kuucheza hakukuongezei.

Mwanatakwimu:

Naongeza jambo la namba "zilizolala", maana najua ndilo linalofuata. Uwezekano wa namba moja kukosekana droo 20 mfululizo ni 7.3%. Kwa namba 49, siku yoyote utakayofungua faili utakuta tatu au nne zimelala droo 20 au zaidi. Hapo hakuna deni lolote linalosubiri kulipwa.

Watu hudai kwamba mwisho wa yote hesabu lazima zilingane, kwa hiyo iliyobaki nyuma itakimbia. Zinalingana kwa uwiano tu. Tuseme namba fulani imetoka mara 99 kwenye droo 1,000, wakati ilitarajiwa 122. Droo 9,000 zinazofuata zitaipa wastani wake wa kawaida, kama 1,102. Jumla inakuwa 1,201 dhidi ya matarajio ya 1,224. Pengo la 23 liko palepale, ila sasa namba hiyo imefika 98% ya inachostahili badala ya 81%. Ni kama chumvi iliyozidi kwenye sufuria ukaongeza maji: ladha inapungua, chumvi yote bado imo.

Mkaguzi_wa_Droo:

Nijibu swali la tatu, la kipimo, kwa sababu hapo ndipo faili kama lako lina kazi ya maana.

Anza na usafi wa data. Makosa mengi ya "nimegundua muundo" huzaliwa hapa. Matokeo mengi huandikwa kwa mpangilio wa mipira ilivyotoka, kwa hiyo panga kila mstari kuanzia ndogo kwenda kubwa (kwenye Excel tumia SMALL), la sivyo mchanganyiko uleule utaonekana miwili tofauti. Ukiunganisha namba sita ziwe neno moja ili COUNTIF itafute marudio, weka kistari katikati. Bila kistari, 1 na 12 zitasomeka 112, na 11 na 2 zitasomeka 112 pia, utapata marudio ya uongo. Ondoa namba ya ziada (mpira wa bonasi). Kisha hakikisha mchezo haukubadilishwa katikati ya faili. Uingereza walitoka mipira 49 kwenda 59 Oktoba 2015, na mchezo wa Powerball wa Marekani ukatoka 59 kwenda 69 mwezi huohuo. Ukichanganya enzi mbili, mipira mipya itaonekana "baridi" mno, kumbe ilikuwa haijaingizwa kwenye mashine.

Kipimo chenyewe ni kai mraba (chi-square), kinacholinganisha ulichohesabu na kilichotarajiwa. Kwa droo 1,000 kila namba inatarajiwa mara 122.45. Kwa kila namba chukua ulichohesabu, toa 122.45, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, gawanya kwa 122.45. Jumlisha zote 49. Halafu, na hili husahauliwa karibu kila mahali, zidisha jumla hiyo kwa 48 ÷ 43. Marekebisho haya yanatakiwa kwa sababu mpira ukishatoka haurudishwi ndani ya droo ileile, na hilo hupunguza mtawanyiko. Usipozidisha, mashine yenye hitilafu kidogo itapita kama nzima. Linganisha na jedwali la kai mraba kwa digrii huru 48 (namba 49 kutoa moja): ukizidi 65.2 uko kwenye 5% ya juu ya matokeo ya mashine isiyo na upendeleo, ukizidi 73.7 uko kwenye 1%. Kumbuka pia kwamba ukipima michezo 20 tofauti, mmoja hivi utavuka 65.2 kwa bahati tu.

Ukitaka picha ya haraka bila jedwali: mkengeuko wastani wa kila namba hapo ni 10.4, na kati ya namba 49 ya juu kabisa kwa kawaida hufika 146 hivi na ya chini 99. Orodha za "namba moto na baridi" zinazouzwa mitandaoni zinaonyesha pengo hilihili.

Tuseme upendeleo upo kweli. Mpira mmoja unatoka 5% zaidi ya unavyostahili. Kuutofautisha na kelele za kawaida, hata kama ungejua mapema ni mpira gani wa kuutilia shaka, unahitaji zaidi ya droo 11,000. Kwa droo mbili kwa wiki hiyo ni zaidi ya karne moja, na mipira na mashine hubadilishwa mapema zaidi ya hapo. Twende mbali zaidi: tuseme umejaliwa kujua mipira sita yenye upendeleo huo. Kadirio la haraka ni 1.05 kwa kipeo cha 6, yaani 1.34. Kutoka 1 kwa milioni 14 umefika 1 kwa milioni 10.4. Kwenye mchezo unaorudisha nusu ya mauzo kama zawadi, bado unapoteza karibu theluthi ya kila unachoweka.

Kete_Sita:

Hapo pa mashine, ni vizuri Pembe49 aone jinsi droo zilizowahi kutabirika zilivyotabirika. Pennsylvania, Marekani, tarehe 24 Aprili 1980, mchezo wa tarakimu tatu ulitoa 666. Mipira ilikuwa imedungwa rangi kwa sindano ili iwe mizito, isipokuwa ya 4 na ya 6, kwa hiyo hewa iliinua hiyo miwili kwa urahisi. Wahusika walinunua michanganyiko yote minane ya 4 na 6. Kilichowafichua ni mtiririko wa tiketi, fedha nyingi mno kwenye michanganyiko michache.

Kisa cha pili ni cha kompyuta. Eddie Tipton, aliyesimamia usalama wa mifumo kwenye chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo kadhaa ya Marekani, aliingiza msimbo kwenye programu ya kutoa namba. Msimbo ulifanya kazi siku chache tu za mwaka, zikiangukia siku fulani za wiki na baada ya saa fulani. Siku nyingine zote programu ilitoa namba kihalali. Tiketi ya mchezo wa Hot Lotto ya dola milioni 16.5 ya tarehe 29 Desemba 2010 ndiyo iliyomwangusha, na mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Droo chache namna hiyo zikizama kwenye historia ndefu, hakuna hesabu ya jozi wala ya utatu ambayo ingeziona. Njia ya kutabiri ilikuwa kuwa ndani.

Tiketi_Moja:

Wakuu wamemaliza upande wa uwezekano. Nilete upande wa malipo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo marudio yanafundisha kweli, na ni tabia ya wachezaji.

Katika ile droo ya pili ya Bulgaria watu 18 walipatia namba zote sita. Droo ya kwanza, kwa namba zilezile, hakupatia hata mmoja. Maana yake kuna watu wanaocheza namba za droo iliyopita, na zikirudi wanagawana. Afrika Kusini, tarehe 1 Desemba 2020, zilitoka 5, 6, 7, 8, 9 na mpira wa ziada 10, na washindi 20 wakagawana jakipoti. Uingereza, tarehe 14 Januari 1995, zilitoka 7, 17, 23, 32, 38, 42: tiketi 133 ziligawana, kila moja ikapata pauni 122,510 kutoka chungu cha milioni 16. Ukizichora namba hizo kwenye karatasi ya kuchagulia ya wakati ule, zinashuka kwenye safu za katikati, mahali ambapo mkono wa mtu hupenda kuweka alama.

Kwa hiyo mwenye kucheza, na acheze kwa kiasi ambacho hataumia kukipoteza, aache namba za droo iliyopita, mfuatano, mistari na michoro kwenye karatasi, na asijaze zote chini ya 32 kwa sababu ya tarehe za kuzaliwa. Hiyo haikuongezei nafasi ya kushinda hata chembe. Inapunguza tu idadi ya watu wa kugawana nao. Kuchaguliwa namba na kompyuta kunatosha, ila angalia ilichokupa, maana nayo inaweza kukutolea mfuatano.

Pembe49:

Asanteni sana. Nimalizie na moja. Nimechukua namba sita zilizotoka mara nyingi zaidi kwenye faili na kuzipima kwenye droo zote 1,000. Zinapatia wastani wa 0.84 kwa droo. Kwa kubahatisha ni 36 ÷ 49, yaani 0.735. Tofauti hiyo si ndogo.

Mwanatakwimu:

Si ndogo, na imetoka kwenye mtego. Umezichagua kwa sababu zilitoka mara nyingi kwenye droo hizo, kisha ukazipima kwenye droo hizohizo. Chukua droo 1,000 za bahati tupu, tafuta sita zinazoongoza, zitakuwa na wastani wa 139 au 140 kila moja. Zidisha kwa sita, gawanya kwa 1,000: 0.83 au 0.84. Namba yako imetoka ileile.

Pima hivi. Gawa faili. Droo 700 za mwanzo tumia kuchagua, kwa kanuni yoyote upendayo: jozi, utatu, moto, baridi. Andika namba sita chini na usizibadilishe tena. Kisha hesabu zinapatia ngapi kwenye droo 300 za mwisho. Kubahatisha kunatoa jumla ya 220, na mara 95 kati ya 100 utaangukia kati ya 194 na 246. Ukijaribu kanuni kumi, kisha mojawapo ikavuka 246, usiihesabu kuwa imefaulu: isubirishe, uipime kwenye droo 300 mpya ambazo hazikuwemo kwenye faili. Pia zuia mkono usirudi nyuma kuichezea ile sehemu ya 300 hadi matokeo yapendeze, kwa sababu ukishaichungulia mara mbili tatu imeshageuka sehemu ya kuchagulia.

Pembe49:

Nimegawa 700 na 300 kama ulivyoelekeza. Sita zinazoongoza kwenye 700 za mwanzo zimepatia jumla ya 214 kwenye 300 za mwisho.

Mwanatakwimu:

Sita chini ya 220, ndani kabisa ya mipaka. Kai mraba ya faili zima ikikupa chini ya 65.2, ukaguzi wako umekamilika.